Kompresa iko, mupira iko, lakini munganga iko wapi?

Mu madai yenye sendika zinapeleka kwa patroni kila mara kuko mushahara, prime, kofia, buti, basi ya kupeleka watu ku kazi, lopitali ya mutumishi na familia yake. Yote ile ni haki na tutaendelea kuidai. Lakini kuko jambo moja lenye bado hatujaandika: munganga mwenye anajua magonjwa ya wazamiaji, na ya wale wote wenye wanatumika mu hewa ya kusukumwa kwa nguvu. Kwa Kifaransa wanaita kazi yake medsini hiperbari.

Najua wengine watacheka. Watasema: Kolwezi iko na bahari gani? Lubumbashi iko na meli gani? Munganga wa wazamiaji atafanya nini huku kwetu kwenye mavumbi? Mimi najibu: kwanza, wazamiaji tuko nao, tena wengi, ila hakuna mwenye anawahesabu. Pili, ile elimu ya uganga haikuzaliwa ku bahari. Ilizaliwa mu migodi, na damu ya wachimbaji kama sisi. Leo tumeisahau, na wengine njo wanaitumikisha.

Tuanze na wazamiaji. Kule Tshikapa, mu muto Kasai, watu wanazamia kutafuta almasi. Mu Ulindi, upande wa Shabunda, wanazamia kutafuta zahabu. Ni vijana wenye kufunga mukanda wa uzito ku kiuno, kutia mupira mu kinywa, na kushuka mu maji ya giza kujaza muchanga mu mifuko ao kushika mupira mukubwa wa kunyonya changarawe. Juu ya mutumbwi kuko kompresa yenye inaguruma, na kijana mwingine wa kuangalia mafuta isiishe. Mbali na hao, kuko wazamiaji wa kontra: wenye kushuka ku ma barrage yenye kutuletea umeme ili kutoa takataka ku vyuma vya mulango wa maji, wenye kuangalia tumbo la meli ku porti ya Matadi, wenye kutafuta pompe yenye imeanguka mu karieri yenye imejaa maji. Wote ni watumishi. Wengi hawana kontra ya maandishi, na wengi hawajaonana hata siku moja na munganga mwenye anaweza kuwaeleza nini maji inafanya mu mwili.

Maji inafanya nini? Hapo juu ya udongo tunabeba uzito wa hewa moja. Ukishuka mita 10 mu maji, unabeba uzito mara mbili. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara ine. Hewa yenye unavuta kwa mupira inapashwa kuwa na nguvu sawa na ile ya maji, kama sivyo kifua hakifunguki. Hewa ile iko na oksijeni yenye mwili unatumia, na azoti yenye mwili hautumii. Azoti inaingia mu damu, mu mafuta, mu mishipa, na inabaki mule. Kadiri unakaa chini, njo kadiri inaingia.

Sasa fikiri chupa ya Simba. Ikifungwa, huoni kitu. Ukiifungua mbio, pofu inapanda mpaka ku meza. Mutu mwenye anapanda mbio kutoka chini ya maji ni ile chupa. Azoti inafanya mapovu mu damu na mu nyama. Mapovu ikikaa mu viungo, bega na goti vinauma sana sana. Ikikaa mu uti wa mugongo, miguu inakufa na mukojo hautoki tena. Na hapana kusema eti mita 15 ni kidogo. Mutu mwenye anakaa saa 3 ao 4 kwa mita 15, kisha anapanda kwa mara moja juu amesikia njaa, iko mu hatari kubwa. Hata akipona maumivu, kuko deni ingine: mufupa wa bega ao wa paja unaweza kufa pole pole, na inaonekana kisha miaka. Mu Ufaransa ugonjwa huu uko mu tablo 29 ya magonjwa ya kazi, na kwa ule wa mifupa wanakubali hata ukitokea miaka 20 kisha mutu kuacha kazi. Kwetu kijana wa aina hiyo wanamuita mulozi, ao wanasema amelogwa na mamba-mutu, ao wanasema alivunja masharti ya muto.

Munganga mwenye hakusoma jambo hili, hata awe na moyo muzuri namna gani, atafanya makosa. Atatoa dawa ya rimatisi. Ao atasema: tumupandishe ndege twende Bukavu. Lakini Shabunda iko chini sana kuliko Bukavu, yenye iko juu karibu mita 1 500, na ndege inapanda juu zaidi. Kule juu uzito wa hewa unapunguka, na mapovu inakuwa mikubwa. Mugonjwa alipanda ndege akichechemea, atashuka amebebwa. Munganga mwenye anajua kazi atasema: oksijeni safi kwanza, kwa maski, mara moja, alale chali, anywe maji kama anaweza kumeza, na kama inaomba ndege, iruke chini chini kadiri inawezekana. Jambo la oksijeni halina bei ya ajabu. Lenye linakosekana ni mutu mwenye anajua kuliamuru.

Na kompresa yenyewe nayo ni muuaji. Moteri ikitoa moshi karibu na pahali kompresa inavuta hewa, moshi unashuka mu mupira mpaka mu kinywa cha muzamiaji. Mu ule moshi kuko gazi yenye haina harufu wala rangi, oksidi ya kaboni. Inakamata damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni. Wachimbaji wenzangu wa Katanga, hapa hatuko tena mbali na kwetu. Ni gazi ile ile yenye inaua watu mu shimo wakati wanashusha motopompe chini kukausha maji. Wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumutoa, naye anaanguka, wa tatu vile vile. Mugonjwa wa gazi hii akivuta hewa ya kawaida, damu inaomba karibu saa 4 ao 5 kutoa nusu ya sumu. Akivuta oksijeni safi, ni saa moja na zaidi kidogo. Akiwekwa mu chumba cha oksijeni yenye nguvu, ni nusu ya saa ao chini ya pale. Munganga wa chumba kile, njo munganga wa wazamiaji. Ni mutu mumoja, elimu moja.

Nimesema elimu hii ni mutoto wa migodi. Mwaka wa 1841, enjinia Mufransa Jacques Triger alieleza namna alichimba makaa ya mawe chini ya muchanga wenye maji, karibu na muto Loire, pale Chalonnes. Maji ilikuwa inajaza shimo kila mara. Akatia tuyo kubwa ya chuma, akaifunga juu, akasukuma hewa ndani mpaka maji ikarudi chini. Wachimbaji wakaweza kutumika pakavu. Ile njo kesoni ya kwanza. Lakini Triger aliandika tena kama watumishi wawili, karibu nusu ya saa kisha kutoka, walishikwa na maumivu makali, mumoja ku mukono, mwingine ku magoti na bega. Wale wawili ni wachimbaji wa makaa. Hawakuwa wazamiaji wa bahari.

Mu 1854 waganga wawili, Pol na Watelle, waliandika juu ya wachimbaji 64 wa mugodi mwingine wa kaskazini ya Ufaransa. Wawili walikufa. Waganga wale waliona jambo mbili zenye bado ziko kweli leo: kuingia mu hewa ya nguvu hakuna shida, shida ni kutoka, na mutu mwenye anaumwa, ukimurudisha mule ndani, anasikia nafuu. Mu 1878 Paul Bert alionyesha kama muuaji ni mapovu ya azoti.

Kisha kazi ya kesoni ilienda Marekani, ku madaraja makubwa. Mu 1870, kule St. Louis, munganga Alphonse Jaminet hakubaki mu biro. Alishuka yeye mwenyewe mu kesoni, akakaa zaidi ya saa 2, akatoka kwa dakika 3 na nusu. Miguu na mukono vikapooza, akafikiri anakufa. Alipopona, saa za kazi za watumishi zilipunguzwa. Mu Brooklyn, mwezi wa 5 wa 1872, watumishi wa kesoni waligoma juu ya malipo. Tuangalie vizuri: pale munganga na mugomo vilikuwa pamoja, kila kimoja kwa njia yake, na mambo ikasogea.

Karibu 1890, mu tuneli ya chini ya muto Hudson, New York, watumishi walikuwa 45 ao 50, na mumoja alikuwa anakufa karibu kila mwezi. Enjinia Ernest Moir akaleta pale pale ku kazi chumba cha chuma cha kurudisha mugonjwa mu hewa ya nguvu na kumutoa pole pole. Kisha pale, mu miezi 15, kwa watumishi 120, walikufa wawili tu. Hiyo njo tofauti kati ya patroni mwenye anaweka chumba karibu na patroni mwenye anaweka maua ku kaburi.

Na mukubwa wa wote kwangu ni John Scott Haldane, wa Uingereza. Mu 1896 alionyesha kama wachimbaji wengi wenye kufa kisha mulipuko mu mugodi hawauawi na moto, wanauawa na gazi ya kaboni. Njo yeye alishauri watu washuke na ndege kidogo ao panya, juu ile nyama inaanguka mbele ya mutu. Mutu yule yule, mu 1908, pamoja na wenzake wawili, kisha kujaribu na mbuzi, alitoa tablo za kuonyesha muzamiaji apande namna gani, asimame wapi, dakika ngapi. Tablo za leo zimetoka pale. Alikuwa pia prezida wa chama cha maenjinia wa migodi. Mutu mumoja, mugodi na maji. Basi nani atatuambia munganga wa wazamiaji hana kazi mu Katanga?

Sasa, munganga kijana wa Lubumbashi ao Bukavu akitaka njia hii, anafanya nini? Hakuna mutu anaanza pale moja kwa moja. Anasoma uganga mpaka mwisho kama wengine. Kisha anachagua kazi yenye iko karibu: reanimasio na anestezi, irijansi, ao uganga wa kazi. Juu ya pale anaongeza masomo ya hiperbari. Mu Marekani ni mwaka muzima juu ya espesialite yake. Mu Ulaya wanapanga kwa ngazi: ya kwanza ni munganga mwenye kupima kama mutu anafaa kuzamia; ya pili ni mwenye anaweza kutunza ajali na kusimamia chumba; ya tatu ni bingwa wa kushauri na kufundisha. Mu Ufaransa univerisite zinatoa diploma ya pamoja. Mu Afrika ya Kusini, Univerisite ya Stellenbosch inafundisha, na sheria yao inaomba muzamiaji wa kazi apimwe na munganga mwenye ametambuliwa kwa ile kazi. Si mbali sana. Gari za madini zetu zinaenda Durban kila siku.

Na akisharudi na diploma, atakula nini? Hapa njo pahali wengi wanaharibu. Ajali za kuzamia peke yake haziwezi kujaza siku ya munganga. Lakini chumba cha oksijeni kinatunza tena kidonda cha muguu wa mutu wa sukari chenye kimekataa kupona, kinatunza nyama yenye iliunguzwa na mionzi ya kutunza kansere, kinatunza watu wa gazi ya kaboni, pamoja na wale wenye wamelala na mbabula mu nyumba. Asubuhi anapima wazamiaji na watumishi wa shimo, muchana anatunza vidonda, usiku iko garde. Ile ni karieri ya kweli, yenye inaweza kulisha familia. Lakini hapana mutu mumoja. Ajali haichagui saa, na munganga mumoja hawezi kuwa garde siku 365. Inaomba angalau watatu, na wauguzi wenye wamefundishwa, juu muuguzi njo anaingia mu chumba pamoja na mugonjwa, na yeye pia anaweza kushikwa na mapovu.

Kwa hiyo nasema kwa sauti kubwa: tusianze na mashini. Kuko wakubwa wenye wakisikia jambo kama hili wataagiza chumba cha chuma, watakata kamba mbele ya televisheni, na kisha miezi 6 kuku watatagia ndani. Tena ile chuma si mchezo. Mu 1997, mu lopitali moja ya Milano, Italia, moto uliwaka mu chumba cha oksijeni na watu 11 walikufa. Milano ni muji tajiri. Oksijeni yenye nguvu na cheche moja, basi. Tuanze na watu. Mashini itafuata watu, kwa lopitali moja yenye reanimasio ya kweli, hapana kila muji na yake.

Jambo lingine ni la sendika kabisa: munganga huyu atakuwa wa nani? Muzamiaji anaficha maumivu ya bega juu anaogopa kupoteza siku ya kazi. Kijana wa kompresa anaficha kizunguzungu juu mwenye mutumbwi atamufukuza. Kama munganga analipwa na patroni, na karatasi yake inaenda moja kwa moja ku biro ya patroni, watumishi watamuona kama polisi na watamudanganya. Na mu kazi hii, mugonjwa mwenye anadanganya munganga anajiua. Patroni apate neno moja tu: anafaa ao hafai, kwa muda gani. Ugonjwa wenyewe ubaki kati ya munganga na mugonjwa. Na munganga akisema leo hakuna kuzamia, hakuna shefu wa kumupita. Tena mutu mwenye amesimamishwa alipwe siku zake, kama sivyo kusema kweli ni azabu.

Wenzetu watauliza: tunakufa na malaria, wamama wanakufa ku maternite, na wewe unatuletea ugonjwa wa wazamiaji? Swali lile ni la haki, silidharau. Lakini silipi malaria kwa kuacha muzamiaji apooze. Chupa ya oksijeni na maski yake inasaidia mutoto wa nimonia pia, inasaidia mama pia. Munganga wa reanimasio mwenye anajua hiperbari bado ni munganga wa reanimasio, na hao nao hatuko nao wengi. Tena vile vilema vinalishwa na nani? Na dada zao, na wake zao, na sisi. Patroni amekwisha kwenda na mali.

Kuko watu wenye walikataa kunyamaza. Kule Honduras, Wamiskito wanazamia kutafuta kamba wa bahari wa kuuza Marekani. Wengi walipooza, wengine walikufa, kwa mapovu yale yale. Familia zilipeleka kesi, na tarehe 31 ya mwezi wa 8, 2021, Korti ya Haki za Binadamu ya Amerika ilisema serikali iko na lazima kwa watu 42, juu haikusimamia kazi ya kompani zile. Wazamiaji masikini, wenye kusema luga yenye wakubwa hawasikii. Tunafanana nao kuliko tunavyofikiri.

Basi tunaomba nini? Ku kompani za madini na wenye ma barrage: hakuna kontra ya kuzamia bila karatasi ya munganga mwenye amesoma kazi ile, na bila oksijeni pale pale ku maji. Ku univerisite zetu: muchague waganga vijana wachache, wa reanimasio na wa uganga wa kazi, muwatume kusoma. Franga isikosekane: kodi ya madini 2018 inaomba kila kompani itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na jamii zenyewe zinaweza kuomba. Lakini kijana asaini kwamba atarudi, na serikali isaini kwamba atapata posti na mushahara wake. Ku CNSS: ugonjwa wa mapovu na wa mifupa ya wazamiaji utambuliwe wazi kama ugonjwa wa kazi, na kuwe njia ya kuingiza watu wa kooperative. Ku kooperative: kompresa iwekwe mbali na moshi, moteri isishushwe mu shimo. Kwa hili la mwisho hatungojei Kinshasa. Tunaweza kulifanya kesho asubuhi.

Na kwa wenzangu wa sendika: mu mukutano ujao wa konvansio, muandike jambo hili ku karatasi, chini ya kofia na buti. Kama sisi hatuliandiki, hakuna mwingine atakayeliandika.